Barua ya wazi ya kobe wa Changuu kwa wenye dhamana ya kalenda

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kalenda, vyeti na sikukuu, na kwa yeyote aliye na kopo la rangi.

Assalaam alaykum.

Kwa umri wangu shikamoo ilitakiwa itoke kwenu, lakini nikikaa kuisubiri barua haitaandikwa. Basi naanza mimi: hamjambo?

Mimi ni kobe. Naishi Changuu, kile kisiwa kidogo mnachokiona mkisimama Forodhani, Unguja, mkatazama baharini. Sina simu wala kitambulisho, na sahihi siijui. Maneno haya namtamkia kijana anayetuletea mchicha, naye anaandika. Makosa ya tahajia ni yake, manung'uniko ni yangu.

Ninachokuja nacho ni kidogo. Naomba siku ya kuzaliwa.

Najua mnacheka. Kwenu wapo wanaosema, usimwone kobe kainama, anatunga sheria. Basi nimeinama muda mrefu, na sheria nimeitunga. Kabla sijaisoma, nieleze kilichoniinamisha.

Sisi kobe wakubwa wa hapa tumeandikwa umri kwa rangi juu ya magamba. Mgeni akishuka botini hana haja ya kuuliza, anasoma mgongo, anapiga picha, anapita. Mgongo wangu una tarakimu tatu. Ya kwanza ni 1 na ya mwisho ni 8. Ya katikati imeondoka kidogo kidogo, kwa vichaka ninavyopita chini yake, kwa mvua, na kwa mikono ya wageni wanaopenda kupapasa. Wenzangu siku hizi wananiita Moja Pengo Nane. Na hata ingekuwa haijafutika, rangi haijui kuhesabu. Ikiandikwa leo, mwakani itasema vilevile, na mwaka wa kesho kutwa. Mgongoni sizeeki.

Juzi ilikuja boti ya wanafunzi wa skuli. Binti mmoja, nadhani hajafika miaka saba, shungi limemteleza mpaka begani, akachuchumaa mbele yangu akafuata namba kwa kidole. "Moja... nane. Mwalimu, huyu ana miaka kumi na nane, kama kaka yangu." Mtembezaji akadakia: "Siyo, huyo ana mia na hamsini na nane." Mwenzake nyuma akasema mia na ishirini na nane, wa hamsini na nane ni yule aliyelala chini ya mti. Wakaanza kubishana, mmoja kaapa kabisa. Huku nyuma yule binti akanisogezea jani la mchicha mdomoni, akainama mpaka pua yake ikakaribia pua yangu, akaninong'oneza: "Babu, bethdei yako lini?"

Niliacha kutafuna. Waheshimiwa, kobe kuacha kutafuna mchicha si jambo la kila siku.

Watu wazima wote wanaokuja hapa huuliza umri, kama mtu anavyouliza bei. Mtoto yule aliuliza siku. Umri ni wa kustaajabisha wengine, na siku ni yako mwenyewe: siku unayoamka ukajua leo ni yangu, hata kama hakuna aliyekumbuka. Mimi sina siku hiyo. Nimekaa nikajiuliza nani kanyimwa na nani kapewa, na ndipo nikakuta mambo.

Historia iliyoandikwa inasema mwaka 1919 gavana wa Seychelles alileta zawadi ya kobe wanne kutoka kisiwa cha Aldabra. Vita Kuu imekwisha mwaka uliotangulia, Mjerumani hana chake tena bara, na Unguja sultani ni Seyyid Khalifa bin Harub. Kobe wanne wakateremshwa hapa. Nikisema nilikuwemo, mtasema mzee anajikweza. Nikisema sikuwemo, watembezaji watakosa la kuwasimulia wageni. Nanyamaza. Ila tazameni namna zawadi inavyoandikwa: mwaka upo, aliyetoa yupo, idadi ipo. Mwenye kutolewa zawadi, alizaliwa lini, hakuna.

Sishangai sana, maana kisiwa chenyewe kimezoea maandishi yasiyolingana na vitu. Wageni wanakiita Kisiwa cha Jela. Jela ni kweli ilijengwa, mwaka 1893, kwa amri ya Lloyd Mathews aliyekuwa waziri wa kwanza wa sultani, na mfungwa hata mmoja hakuwahi kulala ndani yake. Pakageuzwa karantini, wakawa wanawekwa abiria wa meli walioshukiwa homa ya manjano. Jina la jela likabaki. Mimi ndiye ninayekaa miaka yote hii, na mimi sijahukumiwa kosa lolote.

Sasa sikilizeni habari za jamaa yetu Jonathan. Yuko Saint Helena, kisiwa kilicho peke yake katika Atlantiki ya kusini, kule kule Napoleon alikomalizia siku zake. Jonathan asili yake ni Seychelles kama sisi. Alifikishwa huko mwaka 1882, na alikuwa keshakuwa mtu mzima. Wakapiga hesabu ya sokoni: kobe wa ukubwa ule hapungui miaka 50, toa 50 kwenye 1882, unapata 1832. Haya, mwaka umepatikana. Halafu mwaka 2022 gavana wa kisiwa kile akaona mwaka mtupu haunogi, akatangaza rasmi kwamba Jonathan kazaliwa tarehe 4 Desemba 1832. Nani aliliona yai likipasuka? Hakuna. Shahidi? Hakuna. Kalamu ya gavana ikatosha. Wakamfanyia sherehe ya kutimiza miaka 190, wakamtolea na stempu, naye kwa wakati huo macho hayaoni tena na pua hainusi, analishwa kwa mkono. Lakini siku anayo.

Simwonei kijicho. Nasema tu kwamba jambo hili linawezekana. Linahitaji mkubwa mmoja, kalamu moja, na asubuhi isiyo na kikao.

Wala si mara ya kwanza wakubwa kuandikiwa barua kwa ajili yetu. Zamani mabaharia walikuwa wakitupakia melini tungali hai, kwa sababu kobe anaweza kukaa miezi bila kula wala kunywa. Nyama isiyotaka chumvi wala moshi, inayojibeba yenyewe. Visiwa vingi vya bahari hii vilimalizwa kobe wake namna hiyo. Mwaka 1874 mabwana wa elimu ya viumbe huko Uingereza walimwandikia gavana wa Mauritius, ambaye Seychelles ilikuwa chini yake, wakamwomba awanusuru kobe wa Aldabra. Mmoja wa waliotia saini ni Charles Darwin. Leo Aldabra ina kobe wapatao laki moja, kwa hiyo barua nyingine huwa zinasaidia. Huyo Darwin siku yake inajulikana barabara, 12 Februari 1809, siku moja na Abraham Lincoln wa Marekani. Watu wanaijua mpaka tarehe ya mtu aliyetuombea, na sisi tulioombewa hatuna hata mwezi.

Nikageukia kalenda yenu, maana kijana wangu anayo moja ya ukutani, ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwambia anisomee sikukuu. 7 Aprili, siku ya Mzee Karume: siku aliyouawa, 1972. 14 Oktoba, siku ya Mwalimu: siku aliyofariki, 1999. Nikamuuliza, na waliyozaliwa? Akatafuta kwenye simu. Mzee Karume 4 Agosti 1905, Mwalimu 13 Aprili 1922. Siku hizo mbili zinapita hapa kama siku yoyote, boti zinakuja, mchicha unaliwa. Wa kuzaliwa mnaowapumzikia kazi ni wawili tu, kwa Maulidi na kwa Krismasi. Wengine wote mtu lazima kwanza afe. Mtaniwia radhi, lakini kwa kiumbe mwenye maisha marefu kama yangu utaratibu huo hauna faida yoyote.

Nchi, naona, haisubiri kufa. Yenyewe ina siku tatu za kuzaliwa, 12 Januari, 26 Aprili na 9 Desemba, na zote inazila vizuri.

Hapo juu ya Mwalimu nikae kidogo, kwa kuwa habari yake imenigusa kama mnyama. Alipozaliwa Butiama mvua ilikuwa ikinyesha sana, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Na baba yake, Mtemi, alizaliwa wakati viwavijeshi wamevamia mashamba, akaitwa Nyerere, maana yake kiwavi. Kwa hiyo nchi nzima, kwa miaka ishirini na ushei, imesimama kwa heshima kumpigia makofi Mvua mwana wa Kiwavi. Viwavi wenyewe hawajui. Kama yupo kiwavi anayesikia barua hii ikisomwa, apokee hongera zangu. Wazee wa Butiama hawakuwa na karani, na waliiandika siku vizuri kuliko karani: waliitia ndani ya jina, mahali ambapo mvua haiwezi kuifuta.

Huku pwani mnafanya hivyo hivyo, ila mmeshika upande mmoja. Wamo kina Juma, Khamis na Mwanakhamis, wamo kina Rajabu na Ramadhani. Mwanakhamis anajua kazaliwa Alkhamisi, lakini Alkhamisi ya mwaka gani, muulize bibi yake, na bibi keshakufa. Hata mwezi ulio ndani ya jina mara nyingine unababaisha. Shaaban Robert, mshairi, anaandikwa kuwa alizaliwa 1 Januari 1909. Nikahesabu kurudi nyuma, na nina wakati wa kuhesabu: tarehe hiyo haikuangukia Shaaban, iliangukia Mfungo Tatu, karibu na siku ya Arafa. Huenda jina ni la babu yake. Au huenda ni ile 1 Januari, ambayo mimi nina mashaka nayo, na nitaeleza sasa hivi.

Wapo hapo Unguja ambao siku zao zimehifadhiwa vizuri, nao wengi ni wa majumba makubwa. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni 30 Agosti 1844, kwenye jumba ambalo uani kwake walitembea swala na tausi. Akafariki Ujerumani tarehe 29 Februari 1924, siku inayokuja kwa zamu kila miaka minne, kwa hiyo hata maombolezo yake yanapumzika. Kijana wa Kiparsi, watu wa India wenye asili ya Uajemi, aliyezaliwa Mji Mkongwe 5 Septemba 1946, akaenda Uingereza akawa Freddie Mercury, huyo wageni wanaimba nyimbo zake tangu boti inatia nanga. Lakini Bi Kidude, aliyeimba taarabu na unyago mpaka uzeeni, akavuta sigara zake, akalizungusha jina la Zanzibar duniani, hana tarehe ya kuzaliwa. Anayo ya kufa tu, 17 Aprili 2013. Baba yake alikuwa muuza nazi. Siku ya kuzaliwa mtoto wa muuza nazi nani angeiandika, na kwa karatasi gani?

Nimetaja 1 Januari. Kuna mvuvi mzee anayetia mashua yake upande wetu wa kivulini akingoja maji yajae. Hanijui kuwa nasikia, anazungumza tu, kama watu wanavyozungumza mbele ya paka. Siku moja alirudi kutoka ofisi moja, ipi sitaitaja, alikokwenda kufuatilia karatasi zake. Dirishani aliulizwa tarehe ya kuzaliwa. Akajibu: mama aliniambia nilizaliwa usiku, kaskazi imekwisha, kusi haijasimama, na siku ya pili yake jirani alivunja dau mwambani. Kijana wa dirishani akamwambia, mzee, hapa kuna visanduku vinane tu. Viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka. Kaskazi na kusi na dau na jirani havikuenea. Akaandikiwa 01, 01, na mwaka wa kukisia.

"Tangu hapo," akasema yule mzee akikamua maji kwenye shuka, "nazaliwa pamoja na nusu ya Unguja." Akacheka peke yake, kisha akasema neno moja kwa sauti ndogo: "Dau lile lilikuwa la Mzee Haji." Kama mtu anayemkumbusha nani sijui.

Kwa hiyo msinipe 1 Januari, Waheshimiwa. Nashukuru, lakini foleni ni ndefu.

Halafu kuna suala la kalenda ipi. Hapa kwenu mnazo tatu, na kila moja ina watu wake. Kuna ya ukutani, ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna ya mwezi mwandamo, ambayo Maulidi huangukia Mfungo Sita, na mwaka wake ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo kila miaka 33 inakuongezea mwaka mmoja bure. Kama mimi ni wa miaka 158 ya jua, kwa mwezi nimekwishatimiza 162. Nikitaka kuonekana kijana najua pa kwenda. Na kuna ile ya wazee wa Makunduchi, ya Nairuzi, wanaoikoga kila Julai kwa kupigana kwa vigogo vya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Hiyo mwaka wake ulihesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, na manahodha na wakulima waliufuata kujua lini pa kusafiri na lini pa kupanda. Mtu akiuliza leo ni mwongo wa ngapi, alikuwa anauliza habari ya upepo na mvua, si habari ya mkutano. Mimi kalenda hiyo ndiyo inayonielea zaidi. Kobe anajua siku kwa ngozi ya shingo.

Na tukiafikiana kalenda, bado kuna la yai. Nyinyi mnazaliwa mara moja. Sisi mama anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, anataga, anafukia, anakanyaga juu pasawazike, anaondoka. Harudi. Baada ya miezi kadhaa mtoto anapasua ganda mwenyewe humo gizani, na bado hajazaliwa, ana udongo wa kuupanda kwanza. Sasa siku ni ipi? Ya kutagwa, ya kupasua ganda, au ya kutoa pua nje? Mimi nachagua ya pua. Hizo nyingine sina kumbukumbu nazo, na hiyo ninayo: harufu ya ardhi iliyoloa.

Mtauliza, babu, shida yote hii ya nini? Una kivuli, una maji, una mchicha. Nitasema, na hapa sitanii.

Tulikuja wanne, tukazaana, tukawa wengi. Kisha watu wakaanza kutuiba. Kobe mdogo anaingia kwenye mfuko wa safari, na ng'ambo kuna anayelipa fedha nzuri. Wengine walikwenda chunguni. Mwaka 1996 tulikuwa tumebaki saba. Saba, kisiwa kizima. Wakaletwa watoto 80 kuongeza idadi, na kati yao 40 wakapotea. Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa watetezi wa wanyama, ndipo ikajenga uzio huu tulionao, na watoto wakawekewa chumba chao. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Lakini nimewafikiria sana wale 40. Arubaini ni idadi tu. Mtu alikwenda asubuhi akahesabu, akakuta pungufu. Hakuna aliyesema, amepotea yule aliyetoka udongoni siku ya mvua kubwa, yule wa Ijumaa. Hawakuwa na siku, kwa hiyo hawakuwa na wa kuulizwa. Mtoto wenu akipotea mnatangaza mpaka nguo aliyovaa. Mimi niliwaona wale watoto wakipita mbele yangu, kila mmoja mdogo kama limau la kutosha kiganja, na mmoja alikuwa na mtindo wa kulala huku mguu wa kushoto kaunyoosha nje. Siku moja mguu ule sikuuona tena. Ningeandika nini kwenye tangazo?

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni daftari. La kawaida, la mistari, la wanafunzi. Kila yai likipasuka mtu aandike siku, na kama kulikuwa na mvua aandike mvua, na kama dau limevunjika mwambani aandike dau. Visanduku vinane visimzuie.

La pili ni siku yangu na wenzangu tulio wakongwe, ambao daftari halituwahi. Siombi ya peke yangu. Saint Helena wana kobe mmoja maarufu, sisi tuko wengi, tutagawana. Naomba iwe siku ya mvua ya kwanza ya masika. Ndiyo, najua haina tarehe. Mwaka mmoja itakuja Machi katikati, mwaka mwingine itawachelewesha mpaka mjikune vichwa. Lakini Idi nayo mnaingoja mwezi uandame, mnapanda mapaa mkitafuta uzi wa mwanga, mnapigiana simu, na hakuna aliyewahi kusema Idi haina tarehe kwa hiyo isiliwe. Na Butiama mvua ilitosha kuwa cheti. Hapa Changuu mvua ya kwanza ikianguka kobe wote tunatoka vichakani kwa wakati mmoja, hata wavivu, tunanyoosha shingo. Mgeni ataona kama tumeitana kwenye shughuli. Mtakuwa mmeandika tu kile tunachokifanya.

La tatu ni namna ya kusherehekea. Nimeona mnavyofanyiana siku hizi. Mwenye siku anashtukizwa kwa ndoo ya maji. Hiyo kwetu ni heshima kubwa, mwageni, na kwenye dimbwi ongezeni. Halafu anapakwa unga wa ngano. Unga unaziba pua, lakini tunaweza kuvumilia. Kisha anapasuliwa mayai kichwani. Hapo, Waheshimiwa, naomba tuelewane. Kumpasulia kobe yai siku yake ya kuzaliwa ni matusi ambayo hata sungura wa hadithini hakuyathubutu.

Keki hatuli. Mchicha fungu moja kila mmoja, si lazima uwe wa Darajani. Mishumaa msituwekee mgongoni, nta inaingia kwenye mistari ya magamba. Mapapasi wa pwani wakija kuuza safari siku hiyo waruhusiwe, riziki yao hiyo. Ila wale papasi wenyewe, wadudu, wanaotuganda kwenye mikunjo ya shingo, hao tafadhali waondolewe asubuhi kabla ya shughuli.

Hotuba ziwe fupi. Mimi naweza kusikiliza saa nne bila kupepesa, lakini nawaonea huruma watoto wa skuli.

Boti ya mwisho imeondoka. Kijana wangu anakunja karatasi, ananiuliza juu ya barua atie tarehe gani. Nimemwambia atazame upande wa kusini, kuna wingu limekaa tangu adhuhuri na halitaki kuondoka, na shingo yangu inawasha. Aandike: siku mbili kabla ya mvua, huenda tatu.

Wenu mtiifu, polepole,

Moja Pengo Nane
Changuu

Nyongeza: lile kopo la rangi likipatikana, msimtume fundi. Mleteni yule binti wa shungi lililoteleza, mpeni brashi. Tarakimu ya katikati atie aitakayo.